Sura ya Saba: Kamera Mbili, Bahari Moja

Sheria ya New Zealand haimtii hatiani mvuvi aliyemnasa pomboo kwa bahati mbaya. Inamtia hatiani akinyamaza. Tangu mwaka 1978, ilipopitishwa Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini, kumuua au kumsumbua pomboo, nyangumi au sili ni kosa la jinai, na adhabu yake leo inaweza kufika kifungo cha miaka 2 au faini ya dola 250,000 za nchi hiyo. Lakini waliotunga sheria walijua kwamba wavu hauchagui. Kwa hiyo wakaacha mlango wazi: mnyama akinaswa katika uvuvi halali, mhusika atoe taarifa ndani ya saa 48, na kunasa kwenyewe hakutahesabiwa kuwa kosa.

Ni mlango wa busara. Serikali haikuwa na macho ya kutosha baharini, ikaona heri kusamehe ajali ili ipate habari zake. Ilichokosea ni kudhani kwamba msamaha pekee unatosha kumfanya mtu aseme. Miongo minne baadaye ililazimika kupandisha kamera kwenye boti za wavuvi, na kamera hizo zikaonyesha ni mengi kiasi gani yalikuwa hayaandikwi. Wakati huohuo, serikali hiyohiyo ina kanuni nyingine zinazomzuia mpiga filamu asimsogelee pomboo yuleyule. Mwenye kutaka kuelewa jinsi dola inavyoitawala bahari na azisome sheria hizi mbili pamoja.

Kinachotokea wavuni

Pomboo wa Hector ni miongoni mwa pomboo wadogo kuliko wote duniani. Kwa kawaida urefu wake ni kama mita moja na nusu hivi, na pezi lake la mgongoni ni la mviringo, si lenye ncha kama la pomboo wengi. Hapatikani popote ila New Zealand. Ndugu yake wa karibu zaidi, pomboo wa Māui, hupatikana pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini tu, na makadirio ya watafiti ya mwaka 2021 yalisema waliobaki, ukiacha watoto wa chini ya mwaka mmoja, ni 54. Jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, kisha huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili hadi minne. Kwa idadi hiyo, kifo kimoja si jambo la kupuuzwa.

Wote wawili hupenda maji ya karibu na pwani, kulekule ambako wavuvi hutega jarife. Jarife la siku hizi limefumwa kwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana vizuri majini. Pomboo hutafuta njia kwa mwangwi wa sauti yake, lakini uzi mwembamba hurudisha mwangwi hafifu mno. Akiingia, mkia au pezi hunasa, na kwa kuwa anapumua kwa mapafu kama sisi, asipofika juu kwa wakati anakufa. Anayeng'ang'ana hujifunga zaidi.

Jarife likivutwa, kwenye boti ndogo huwa pana watu wawili au watatu. Mashine inazunguka, samaki wanachomolewa mmoja mmoja, upepo unavuma, mikono imekufa ganzi. Mnyama anatokea ukingoni. Nahodha ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandika: tarehe, saa, mahali, aina ya mnyama, hai au mfu. Ya pili ni kukata nyuzi tatu nne na kumwachia azame. Ya kwanza huenda ikaleta simu kutoka wizarani, kichwa cha habari gazetini, na baadaye eneo lake la kuvua kufungwa kabisa. Ya pili haileti chochote. Bahari ya nchi hiyo, mpaka ukomo wa ukanda wake wa kiuchumi, ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 4. Nani atajua?

Ripoti ni fedha

Pomboo ni sehemu tu ya habari. Mwaka 1986 New Zealand ilianzisha mfumo wa mgao ambao mataifa mengi yaliujia kujifunza. Kila mwaka waziri huweka kikomo cha samaki wa kila aina katika kila eneo, na kikomo hicho hugawanywa kwa wenye hisa. Mvuvi lazima awe na haki ya kutosha kwa kila tani anayoleta bandarini. Akizidisha, hutozwa malipo maalumu yanayokusudiwa kumwondolea faida ya kuzidisha.

Kwenye karatasi mfumo unapendeza, nao umesaidia akiba za baadhi ya samaki. Lakini tazama unavyofika kwenye sitaha. Wavu umeletea samaki aina ambayo mvuvi hana mgao wake. Akimleta bandarini na kumwandika, atalipia. Akimtupa baharini, amevunja sheria, ila hakuna aliyeona. Samaki mdogo asiye na bei naye anatumia mgao uleule ambao angeutumia samaki mkubwa. Kwa hiyo mfumo uliojengwa juu ya hesabu sahihi ulimpa mtoa hesabu sababu ya kuipotosha, kisha ukamkabidhi kalamu, kama kumwachia mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Glenn Simmons wa Chuo Kikuu cha Auckland walichapisha kazi yao ya kukadiria upya samaki waliovuliwa New Zealand kati ya mwaka 1950 na 2010. Walihitimisha kwamba jumla ya kweli ilikuwa mara 2.7 ya ile iliyoripotiwa rasmi. Wizara na wenye viwanda waliupinga utafiti huo vikali, na mjadala wa mbinu zake uliendelea. Lakini kilichowaumiza wakubwa zaidi ni ripoti zao wenyewe zilizovuja mwaka uleule.

Ripoti mojawapo ilihusu uchunguzi uliopewa jina la Operation Achilles. Katika mwaka wa 2012 kamera ziliwekwa kwa majaribio kwenye boti za jarife upande wa mashariki wa Kisiwa cha Kusini. Picha zilionyesha samaki wanaopaswa kuletwa bandarini wakitupwa. Zilionyesha pia pomboo wawili wa Hector wamenaswa, ilhali aliyeripotiwa ni mmoja. Hakuna aliyepelekwa mahakamani kwa utupaji ule. Mwanasheria Michael Heron, aliyepewa kazi ya kupitia maamuzi hayo, alikuta mchakato wa kuamua kutoshtaki ulikuwa na kasoro.

Aibu hiyo ilifundisha jambo ambalo wanaozungumzia teknolojia hulisahau. Kamera ilikuwapo, picha zilikuwapo, na wataalamu wa wizara walikuwa wamezitazama wakaandika walichokiona. Haikusaidia, kwa sababu waliozishika walikuwa haohao wenye jukumu la kuilea sekta ya uvuvi, na nje ya ofisi zao hakuna aliyekuwa akijua kwamba kuna la kuuliza. Nchi ilipata kujua kwa sababu karatasi zilivuja.

Kutoka fomu hadi lenzi

Kanuni mpya zilitoka mwaka 2017, zikiwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni ripoti ya kielektroniki: fomu za karatasi zilizokuwa zikijazwa na kutumwa kwa posta zikaondoka, na nahodha akatakiwa kujaza kwenye tableti au simu aina ya wavu, saa na mahali alipoutupa, saa na mahali alipoutoa, makadirio ya kila aina ya samaki, waliorudishwa baharini, na ndege au mnyama yeyote aliyenaswa. Ya pili ni kifaa kinachotuma mahali boti ilipo bila kumsubiri nahodha. Meli kubwa zilianza mwaka uleule, nyingine zikafuata hadi mwaka 2019. Ya tatu ni kamera.

Kamera ndizo zilizokwama. Ziliahirishwa zaidi ya mara moja, na hoja za wavuvi hazikuwa za kudharauliwa. Boti ndogo ni mahali pa kazi na pia nyumba, mtu anakula pale, anabadilisha nguo pale. Wavuvi waliuliza kwa nini wao watazamwe kazini kutwa nzima wakati wanasiasa wanaowatungia kanuni hawatazamwi. Walihofia siri za maeneo yao ya kuvua kuwafikia washindani. Zaidi ya yote walihofia kipande cha sekunde kumi: pomboo mfu anatoka wavuni, mtu anakiweka mtandaoni, na jina la boti linaharibika kwa tukio ambalo sheria yenyewe inaliita ajali.

Novemba 2019 serikali ilianzia mahali ambapo hakuna aliyeweza kubisha sana, maji ya pomboo wa Māui, kwa boti karibu 20. Mwaka 2021 ikatangaza dola milioni 68 za New Zealand kwa ajili ya kuzifikisha kamera kwenye boti hadi 300 za uvuvi wa karibu na pwani, na kazi hiyo ikashika kasi mwaka 2023. Kamera hutazama pale wavu unapotoka majini na pale samaki wanapochambuliwa. Picha hufikishwa kwa maofisa, nao hupitia sehemu yake na kuilinganisha na alichoandika nahodha.

Kisha yakaja matokeo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya uvuvi ililinganisha ripoti za boti 127 za kwanza kabla na baada ya kufungwa kamera. Pomboo walioripotiwa kunaswa waliongezeka mara 6.8. Matukio ya albatrosi kunasa au kugonga zana za uvuvi, yaliyoripotiwa, yaliongezeka mara 3.5. Uzito wa samaki walioripotiwa kurudishwa baharini ulipanda kwa asilimia 46.

Hesabu hizo zilitokana na alichoandika mvuvi mwenyewe, kwa mkono wake, safari hii akijua kuna jicho. Wala hakuna dalili kwamba mwaka ule pomboo waliamua kujitosa wavuni kwa wingi kuliko miaka ya nyuma. Kilichobadilika kwa ghafla ni uandishi. Maana yake, kila uamuzi uliowahi kufanywa kwa kutegemea ripoti za zamani, wapi pafungwe, wavu gani uruhusiwe, mgao uwe kiasi gani, ulikuwa umesimama juu ya hesabu pungufu.

Msomaji asitoke hapa akiwaona wavuvi wa New Zealand kuwa waongo kuliko watu wengine. Mpe mwenye duka, mkulima wa tumbaku au mwandishi wa vitabu fomu ya kueleza hasara aliyoisababisha, umwambie hakuna atakayekagua, uone atajaza nini. Wapo walioandika kila kitu tangu zamani, na hao ndio walioumia zaidi, kwa sababu mkweli alionekana mharibifu mbele ya jirani aliyenyamaza. Kamera iliwaondolea adhabu hiyo.

Picha ni ya nani?

Mkanda ukishafika serikalini, nani anaruhusiwa kuutazama? New Zealand ina Sheria ya Taarifa za Serikali ya mwaka 1982, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2025 Waziri wa Bahari na Uvuvi, Shane Jones, ambaye hafichi kwamba yuko upande wa sekta, aliweka mezani mapendekezo ya kuitoa mikanda ya boti nje ya sheria hiyo. Hoja yake inafahamika: faragha ya wafanyakazi, siri za biashara, na wanaharakati wanaosubiri kipande cha kusisimua. Wahifadhi walijibu kwamba jamii ndiyo mwenye samaki, na kwamba mkanda unaotazamwa na wizara peke yake unairudisha nchi palepale ilipokuwa kabla ya karatasi kuvuja.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki kwa nusu. Uso wa baharia aliyechoka hauna haja ya kuonwa na taifa zima. Lakini takwimu zinazotokana na mkanda ule, boti kwa boti na eneo kwa eneo, pamoja na nafasi ya mkaguzi asiye chini ya waziri wa uvuvi kuutazama wote, hizo haziwezi kuitwa siri za biashara. Operation Achilles ilithibitisha kwamba jicho linaloripoti kwa bosi mmoja hufumba bosi akitaka lifumbe.

Kamera inayotakiwa ikae mbali

Sasa tumwache mvuvi, tuingie kwenye boti ya mpiga filamu. Hapa dola inageuka. Kwa mvuvi ilisema kamera iwepo hata kama hutaki. Kwa huyu inasema kamera isisogee hata kama unataka.

Kanuni za mwaka 1992 zinaeleza masafa kwa mita. Ndani ya mita 300 za pomboo au nyangumi, vyombo visizidi vitatu, navyo viende polepole kiasi cha kutoacha mawimbi nyuma. Nyangumi asikaribiwe chini ya mita 50, na akiwa mama na mtoto, mita 200. Ndege, na leo droni, isikae karibu zaidi ya mita 150. Kundi lisikatwe katikati wala lisizungushwe, na watu wasiogelee pamoja na pomboo wenye watoto. Anayepiga filamu kwa kazi na akataka kusogea kuliko hapo, hana budi kuomba kibali kwa Idara ya Uhifadhi. Yaani si ofisi ileile inayosimamia uvuvi, na utengano huo una faida yake.

Kwa mtu aliyeshika kamera kanuni hizi hukera. Anajiona rafiki wa pomboo. Picha yake ndiyo itakayowafanya watu wampende. Jibu liko Ghuba ya Visiwa, kaskazini mwa nchi. Pale pomboo wenye pua kama chupa walikuwa kivutio cha miaka mingi, boti baada ya boti, waogeleaji baada ya waogeleaji. Mwaka 2019 Idara ya Uhifadhi ilieleza kwamba idadi ya wanaofika pale ilikuwa imeshuka kwa asilimia 66 tangu mwaka 1999, na watoto watatu kati ya wanne walikuwa wakifa. Tafiti zilionyesha kuwa mbele ya boti pomboo walipumzika na kula kwa muda mfupi zaidi. Kuogelea nao kukapigwa marufuku, na mwishoni mwa mwaka 2021 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya mamalia wa baharini, lenye masafa makali kuliko ya nchi nzima. Hakuna aliyewatupia jarife. Walisumbuliwa na watu waliolipa nauli kwa ajili ya kuwapenda.

Ndiyo maana sheria haiulizi nia ya mwenye kamera. Inauliza lenzi ile inamgharimu mnyama kiasi gani na inaongeza ukweli gani. Kamera ya kwenye boti ya uvuvi haimgharimu pomboo chochote, kwani wavu ulishashuka majini iwe lenzi ipo au haipo, na inatupa ukweli ambao tusingeupata kwingine. Kamera ya droni juu ya mama anayenyonyesha inamkatizia malisho, nayo mara nyingi inaleta picha ya elfu moja na moja ya jambo lililokwisha kujulikana. Ikiwa ina jipya la kutufundisha, kibali kipo, kwa masharti.

Kutoka sitahani hadi mahakamani

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Lakini yanamfikia kila anayeuza samaki nje. Novemba 2022 mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Sea Shepherd, iliamuru aina tisa za samaki waliovuliwa kwa jarife na nyavu za kukokota pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini wasiingie nchini humo, kwa sababu ya pomboo wa Māui. Zuio hilo lilikuja kuondolewa baadaye, lakini ujumbe ulifika. Sheria ya Marekani ya kulinda mamalia wa baharini inazitaka nchi zinazoiuzia samaki zionyeshe kwamba uvuvi wao unawalinda wanyama hao kwa kiwango kinacholingana na cha Marekani. Asiyejua ni pomboo wangapi wamekufa kwenye nyavu zake hana cha kuonyesha. Hesabu ya sitahani imekuwa pasi ya kuingilia sokoni.

Kwetu bahari si tofauti sana. Machi 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki, na mitaani Dar es Salaam wakaitwa samaki wa Magufuli, kwa jina la waziri wa wakati huo. Watu wanakumbuka samaki kugawiwa. Wachache wanakumbuka kwamba meli ile ilipatikana kwa sababu chombo cha doria kilikuwa kinapita. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao Shelisheli, ambayo kwa miaka mingi imezitaka meli kubwa ziwe na waangalizi katika angalau asilimia 5 ya shughuli zao. Asilimia 95 iliyobaki imekuwa mikononi mwa nahodha na kalamu yake. Mwaka 2023 kamisheni hiyo ilipitisha viwango vya ufuatiliaji wa kielektroniki, kamera zikiwemo. Na kusini mwa Unguja, Kizimkazi, ambako mpaka miaka ya 1990 pomboo waliwindwa kwa ajili ya chambo cha papa, sasa boti kadhaa hulifukuzia kundi moja, wageni wakijirusha majini na kamera mkononi. Wanakijiji wamepata kipato halali, lakini hatari iliyoikumba Ghuba ya Visiwa haitazami pasipoti.

Kwa hiyo kamera zitakapoanza kufungwa kwenye meli za jodari huku kwetu, tusihoji bei yake tu, wala tusishangilie kwa kuwa zimefungwa. Tuulize kama mvuvi anayesema ukweli atalindwa kweli asionekane mhalifu, na kama mkanda utatazamwa na mtu asiyepandishwa cheo na waziri wa uvuvi. New Zealand ilikuwa na jibu la swali la kwanza tangu mwaka 1978, na kwa miaka arobaini likabaki nusu ya sheria kwa kukosa jibu la pili.